Uji, Sataranji na Mafuta ya Taa

Kuna aina ya sinema ambayo mwalimu wa siku nyingi huitazama kwa jicho la pembeni. Ni ile ya mtoto maskini mwenye kipaji. Mwanzoni tunamwona katika nguo chakavu. Anatokea mtu mwema akamgundua. Anashindwa mara moja ili watazamaji walie, kisha anashinda ili watazamaji wafurahi, na muziki unapanda juu. Mimi nimefanya kazi ya ualimu kwa miaka 34, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na sinema za namna hiyo hunikera kwa sababu mbili. Kwanza, humchukua mtoto mmoja kati ya 50, zikatusahaulisha wale 49. Pili, hufanya umaskini uonekane kama mlango uliofungwa, na kipaji ndicho ufunguo. Aliyeishi karibu na watoto maskini anajua kwamba umaskini ni mlolongo wa kazi za kila siku: kuchota maji, kulea wadogo, kuuza kitu barabarani ili jioni chungu kipate kuinjikwa.

Kwa hiyo wajukuu wangu walipokuja likizo na filamu iitwayo Queen of Katwe, niliketi nao kwa ajili ya adabu ya nyumba tu. Nilikwisha kusikia kwamba ni kazi ya kampuni ya Disney ya Marekani, iliyotoka mwaka 2016, na kwamba inamhusu binti wa mtaa wa mabanda wa Kampala aliyejifunza sataranji akawa bingwa. Hayo yalitosha kunitia wasiwasi. Sisi watu wa Bukoba tunaifahamu Kampala. Ukivuka mpaka pale Mutukula hujaenda mbali. Sikupenda kuuona mji wa majirani zetu ukipambwa kwa ajili ya watalii wa kwenye viti.

Filamu ina dakika 124. Nilipanga kukaa kwa nusu saa. Nilikaa mpaka mwisho, na kesho yake niliitazama tena peke yangu. Napenda kueleza sababu, kwa maana mashaka niliyokuja nayo ninayo hadi leo. Kilichonivuta ni kwamba filamu yenyewe inayo mashaka hayo hayo, na haiyakwepi.

Aliyeiongoza ni Mira Nair, mzaliwa wa India ambaye kwa miaka mingi amekuwa na makazi Kampala, na ambaye alianzisha huko mafunzo ya watengenezaji filamu vijana wa Afrika Mashariki, yaitwayo Maisha. Jambo hilo linaonekana katika picha zake. Barabara za Katwe zina tope la kweli. Mahindi yanauzwa kwenye magari yaliyokwama katika msongamano, na muuzaji hukimbia kando ya dirisha akisubiri chenji, jinsi tunavyowaona watoto kila siku. Nguo zina rangi kali, kwa sababu watu maskini wa kwetu hupenda rangi. Hawajivishi kijivu ili wahurumiwe. Msichana aliyeigiza nafasi ya Phiona Mutesi, Madina Nalwanga, alikutwa katika darasa la ngoma mjini Kampala, naye alikuwa amewahi kuuza mahindi barabarani. Anavyobeba beseni, hakuna mtu aliyehitaji kumfundisha.

Lakini picha nzuri peke yake isingenifikisha mbali. Kilichoniketisha ni mwalimu. Robert Katende, anayeigizwa na David Oyelowo, ni kijana aliyesomea uhandisi na hana kazi ya uhandisi. Anafanya kazi ya kujitolea mtaani, akifundisha watoto mpira na sataranji. Watoto wanamfuata kwa sababu ya uji. Filamu inalisema hili waziwazi, nami nikacheka peke yangu, kwa kuwa kila mwalimu wa shule ya msingi anajua kwamba elimu huanzia tumboni. Siku ya kwanza Phiona anapofika, wenzake wanamcheka kwa harufu yake. Anawarukia, wanapigana. Kesho yake anaoga kabla ya kurudi. Hakuna mtu anayetoa hotuba juu ya usafi. Anaoga kwa sababu amekwisha kuamua kwamba pale ni mahali pake. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa juu ya motisha kwa muhula mzima, na sidhani kama kuna mhadhara ulioeleza jambo hilo vizuri kama beseni lile la maji.

Anayemfundisha Phiona kete za kwanza ni Gloria, mtoto mdogo kuliko yeye. Anamweleza kwamba askari, kete iliyo ndogo kuliko zote, akivuka ubao mpaka ng'ambo ya pili anaweza kuwa malkia. Mtengenezaji mwingine angelifanya neno hilo kuwa wimbo. Hapa linasemwa na mtoto kwa mtoto, kama kanuni ya mchezo, kisha wanaendelea kucheza. Tena Phiona ni mkubwa kwa umri na hajui kusoma. Anakubali kufundishwa na mdogo wake. Walimu waliofundisha madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 1970 wanajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu, na heshima aliyo nayo mtu anayeliweza.

Katende anapowapeleka watoto kwenye mashindano katika shule ya King's College Budo, shule ya wenye uwezo, hofu inawashika. Usiku wanaviacha vitanda, wanalala pamoja sakafuni. Sijui kama mtazamaji wa Marekani huliona jambo hilo kama kichekesho. Mimi nimewapeleka watoto wa kijijini kwenye mashindano ya mkoa, na nimewakuta asubuhi watatu katika kitanda kimoja, vitanda viwili vitupu. Katende hawafokei. Anawapa hadithi ya mbwa anayemkimbiza paka: mbwa hukimbilia mlo, lakini paka hukimbilia uhai wake. Hadithi fupi, mfano unaojulikana, halafu kazi. Huo ndio ufundishaji.

Hata hivyo, moyo wa filamu hii hauko kwa mwalimu. Uko kwa mama. Nakku Harriet, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, ni mjane mwenye watoto wa kulisha na kodi ya kulipa, na katika sinema nyingi mtu wa aina yake huwekwa kama kikwazo: mzazi mjinga asiyejua thamani ya elimu mpaka mwisho anapolia ukumbini. Hapa sivyo. Mama huyu anamshuku kocha kwa sababu ana sababu ya kuwashuku wanaume wenye ahadi. Hataki mtoto wake aonyeshwe mambo ambayo hatayapata. Nilimsikiliza nikaona kwamba katika mabishano yake na mwalimu, mara nyingi mwenye haki ni yeye.

Sehemu iliyonishinda kabisa ni ile baada ya safari ya Sudan. Phiona amepanda ndege, amelala hotelini, amerudi na ushindi. Anafika nyumbani, na nyumba ni ile ile. Maji hayajachotwa, sufuria zinasubiri, na yeye anaviangalia vitu hivyo kama mtu aliyepotea njia. Hataki tena kazi za nyumbani. Mama yake anaiona hatari kabla ya mwalimu. Mtoto ameondolewa mahali alipokuwa, na mahali pengine bado hajapapata. Yuko katikati, hewani.

Hapo filamu iligusa jambo ambalo katika kazi yangu sikuwahi kuliona likizungumzwa kwenye semina yoyote. Katika miaka ya 1980 nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na shule iliyopeleka hata mwanafunzi mmoja ilisherehekea. Mwaka mmoja binti wa shule yetu alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni mkoa wa mbali. Tulimpigia makofi mstarini. Baada ya likizo yake ya kwanza mama yake alikuja ofisini, mwanamke mpole, mkulima wa migomba. Alinisalimu, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mlimchukua mtoto wangu, mmenirudishia mgeni." Hakuwa na hasira. Alitaka tu nijue. Nilimpa chai, tukazungumza habari za mvua. Jibu la maneno yake sikulipata siku ile, wala katika miaka yote iliyofuata, na binti yule alimaliza masomo akawa muuguzi mzuri.

Queen of Katwe haidai kuwa na jibu. Inafanya jambo la heshima zaidi: inaonyesha gharama, na inaonyesha nani anayeilipa. Katende anapata nafasi ya kazi ya uhandisi, anaiacha. Mke wake, Sara, anafundisha Phiona kusoma. Na mama, ambaye alikuwa akipinga, anauza nguo ya thamani aliyoitunza ili apate pesa za mafuta ya taa, binti yake aweze kusoma usiku. Ukitazama hesabu ya filamu hii utaona kwamba kipaji cha mtoto ni kimoja, lakini watu waliolazimika kukosa kitu ili kipaji hicho kisimame ni wengi. Hilo ndilo lililokuwa likikosekana katika sinema nilizozizoea. Mtoto mmoja kati ya 50 bado ni mmoja. Lakini angalau hapa tunaonyeshwa ni mikono mingapi iliyomwinua, na kwa nini mikono hiyo haiwezi kuwainua wote.

Filamu inathubutu pia kumwacha ashindwe kweli. Katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010, kule Khanty-Mansiysk nchini Urusi, Phiona anakutana na wachezaji waliofundishwa tangu utotoni, na anaanguka. Anarudi akitaka kuacha yote. Kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi ya sinema za familia, tunaachwa tukae na aibu yake.

Siisifu bila kasoro. Watu wa Katwe wanazungumza Kiingereza karibu muda wote, na Luganda imebaki kama viungo vya kunyunyizia mchuzi. Naelewa sababu ya biashara, lakini mama anayebembeleza mtoto usiku kwa lugha ya ofisini hupoteza kitu. Sehemu ya mwisho nayo inakwenda mbio: nyumba mpya, machozi, kila mtu anacheka, kana kwamba maswali yaliyoulizwa kwa saa moja na nusu yamejibiwa na paa la bati. Yalikuwa hayajajibiwa. Phiona mwenyewe alipata cheo cha kimataifa cha wanawake baada ya Olimpiadi ya Istanbul ya mwaka 2012, na mwaka 2017 alikwenda kusoma chuo kikuu Marekani. Ni mafanikio makubwa. Katwe ilibaki pale pale.

Lakini baada ya hadithi kwisha linafuata jambo ambalo sijapata kuliona penginepo. Waigizaji wanatokea mmoja mmoja, na kando ya kila mmoja anakuja mtu wa kweli ambaye aliigizwa. Lupita anasimama na Harriet. Oyelowo anasimama na Katende. Kampuni kubwa ya Marekani imetumia fedha nyingi kutuonyesha picha za watu hawa, kisha inawapisha wenyewe waonekane. Wengine ni wafupi kuliko waigizaji wao, wengine wana haya mbele ya kamera. Wajukuu wangu, ambao kwa kawaida husimama mara majina yanapoanza kupita, walikaa.

Nikitazama mara ya pili, nilimwangalia zaidi yule mtoto aliyeigiza nafasi ya Gloria, Nikita Pearl Waligwa. Alifariki Februari 2020 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 15. Katika filamu yuko hai, mdogo, mkali kidogo, akimweleza mtu aliyemzidi umri namna askari anavyovuka ubao. Mwalimu huyo mdogo amefanya kazi yake vizuri, na ningependa wazazi na walimu wakae chumba kimoja wamtazame. Baadaye wazime mashine, na mama azungumze kwanza.