Kitabu cha garanti: mbele ahadi, nyuma "matumizi mabaya"

Bandugu, kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, filamu na hotuba za wakubwa. Leo nachambua andiko ambalo wengi tuko nalo nyumbani na hatulisomi: kitabu cha garanti ya pikipiki. Si jambo dogo. Hapa Kolwezi, kutoka Manika mpaka Dilala, pikipiki njo kazi ya vijana wengi, na wengine wao ni wenye diploma kama sisi. Ikisimama, sufuria ya nyumbani nayo inasimama.

Kitabu changu, kwenye ukurasa wa kwanza, kinaahidi kwa herufi kubwa miezi 6 au kilometa 6000. Kurasa zinazofuata zinaondoa ahadi hiyo kidogo kidogo: garanti haihusu kubeba watu kwa malipo, mizigo mizito, barabara mbaya, wala "matumizi mabaya". Lakini pikipiki hiyo hiyo, kwenye picha ya dukani, imepakia abiria na gunia. Anayeuza anajua itaenda wapi, anayeandika kitabu anajifanya hajui. Hilo njo kosa la kwanza: andiko linasema na mtu ambaye haishi Lualaba.

Kosa la pili ni hilo neno "matumizi mabaya". Halielezwi popote. Pikipiki yangu ilianza kuruka vitesi ya tatu kabla ya kilometa 2000. Unapanda mlima, unaongeza gazi, vitesi inatoka yenyewe, moteri inalia bure. Niliirudisha na fakturi zote za kubadilisha mafuta. Jibu lilikuwa mistari miwili: matumizi mabaya. Nikauliza kama waliifungua. "Hapana, yaya, sisi tunajuaka namna munaendeshaka."

Mimi nilisoma agronomia. Mkulima akirudisha mbegu ambazo hazikuota, hatuanzi kwa kumwambia alipanda vibaya. Tunachukua mbegu za mfuko ule ule, tunazihesabu, tunazilowesha, tunangoja siku zinazotakiwa, kisha tunahesabu zilizoota. Baada ya hapo njo tunaongea juu ya udongo, mvua na mkono wa mkulima. Kumhukumu mtu bila kipimo si ufundi.

Na kwa pikipiki kipimo kipo. Ndani ya boati ya vitesi, magurudumu ya meno yanashikana wakati wote. Unapokanyaga pedali, uma mdogo wa chuma unasukuma gurudumu moja pembeni, na vijino vyake vya ubavuni vinaingia kwenye matundu ya jirani yake. Vijino vikilika mpaka vikawa mviringo, au uma ukipinda, vitesi inaruka. Mwendeshaji anaweza kuwa chanzo: kamba ya ambreyaji haikupangwa, au anakanyaga pedali nusu nusu. Kiwanda pia kinaweza kuwa chanzo: chuma laini kupita kiasi, au uma uliofungwa vibaya. Jibu liko ndani ya chuma, lakini paka ukifungua njo utalisoma.

Kuna viwanda vilivyojibu namna nyingine. Yamaha iliita zirudi YZF-R1 za modeli ya 2015, karibu 2900 huko Marekani, kwa sababu vitesi ya pili ingeweza kuvunjika. Kazi ilifanywa bure, bila kupima kwanza tabia ya kila mwenye pikipiki. Haikuwa huruma: kule sheria inamlazimisha mtengenezaji kutangaza kasoro inayohatarisha usalama na kuitengeneza kwa gharama yake.

Sisi pia tuko na sheria. Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyojificha inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupata feza yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ila lazima adai mapema. Kitabu changu hakitaji sheria hiyo hata kwa mstari mmoja, na hilo njo kosa la tatu, tena kubwa kuliko yote: kinamwacha msomaji aamini kwamba haki yake inaishia kwenye kurasa zake.

Kwa hiyo, bandugu, vitesi ikianza kuruka, usingoje. Andika barua, weka tarehe na kilometa, ubaki na kopi yenye saini yao. Lomba moteri ifunguliwe mbele yako, na sababu ya kukataa iandikwe ikitaja kipande gani kimeharibika na namna gani. Wakishindwa kukitaja kipande, "matumizi mabaya" ni maneno tu, na duka halina ruhusa ya kukulipisha kwa maneno.