Kipfokomo au Kipokomo? Jina la Lugha na Utafutaji Wake

Wapfokomo wa Tana ya chini, Garsen na Ngao, huiita lugha yao Kipfokomo. Herufi pf zawakilisha sauti isiyokuwamo katika Kiswahili Sanifu, na kwa hiyo Waswahili husema Kipokomo. Wataalamu wamefuata mkondo huo: Malcolm Guthrie aliiorodhesha E71 kwa jina la Pokomo, na Nurse na Hinnebusch (1993) wakafanya vivyo hivyo.

Hatuna ugomvi na matamshi hayo, kwani kila lugha hukopa majina kwa sauti zake. Ugomvi wetu ni na mazoea ya kuandika jina hilo peke yake. Orodha za maktaba na mashine za kutafutia katika intaneti hulinganisha herufi, hazisikii sauti. Hata lugha ya kompyuta iitwayo Go, iliyotangazwa mwaka 2009, hutafutwa kwa jina la golang, maana go ni neno la kila siku katika Kiingereza.

Mwanafunzi wa Garsen atafutaye Kipfokomo aweza kuyakosa maandishi yaliyowekwa chini ya Pokomo, na mtafiti wa mbali aweza kuikosa kazi ya mwanafunzi huyo. Kiambishi ki- huwatenga zaidi. Twapendekeza basi kila makala itaje mapema Kipfokomo, Kipokomo na Pokomo, jina la wenyewe likitangulia.