Safi na Fifi

Msimu wa pamba uliopita nilimkuta mwalimu wangu wa Kiingereza, mstaafu sasa, ameketi barazani kwake Nkololo akichambua. Pamba safi huku, fifi, ile isiyo safi, kule. Mikono imezeeka lakini haikosei. Nikampa shikamoo, nikakaa kumsaidia kama zamani.

Mikono hiyo ndiyo iliyonifundisha neno “pick”. Kidato cha pili niliandika insha ya kumsifu mwalimu wa hisabati, kwamba kila siku ananichagua mimi nijibu swali. Nikaandika “he picks on me”. Mwalimu alisoma, akalifunga daftari taratibu. “Mwanangu, hapa umesema mwenzangu anakuonea.” Hakunichapa, hakunicheka. Jioni akaniita kwenye lundo la pamba. Kuichuma shambani, akasema, ni “pick”. Iliyodondoka ukiiokota, “pick up”. Fifi ukiitoa katikati ya safi, “pick out”. Kijineno kimoja nyuma ya kitenzi, na kazi ya mkono imebadilika. Kiswahili hufanya kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe: hama, hamia, hamisha. Mwingereza ameiweka mkiani, ndiyo maana mgeni huidondosha njiani.

Kamusi yake ilikuwa ya Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani. Toleo la kwanza lilichapwa Tokyo mwaka 1942, kwa ajili ya wageni wa lugha, watu kama sisi. Hilo Mwalimu alilipenda sana. Kando yake kilikaa kitabu cha Juliasi Kaizari, tamthilia ya Kiingereza iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Nyerere aliitoa tafsiri hiyo mwaka 1963, kisha akairudia, ikatoka upya 1969. Rais mwenye nchi changa mikononi alipata muda wa kurudia maneno yake!

Leo redioni ni “mwisho wa siku”, yaani “at the end of the day”, asubuhi na mchana, wala hakuna jua linalozama. Hatimaye ipo. Mwishowe ipo. Picha tulizopiga tangu enzi za babu sasa “zinachukuliwa”. Wasemao hivyo husifiwa kuwa Kiingereza kimewakolea. Hakijawakolea. Aliyejifunza nahau za Waingereza kwa mwalimu yule alijua zinaishia wapi, akaziacha kwao aliporudi kwenye Kiswahili.

Nawaonea uchungu watoto wa huku. Wanatoka nyumbani na Kisukuma, wanasoma kwa Kiswahili hadi wamalize shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Wanapewa orodha ya nahau wakariri kwa ajili ya mtihani, bila lundo, bila mkono wa kuwaonyesha. Simu nayo huwapa maana moja upesi, nao huondoka nayo.

Nilipoaga nilimuuliza kama kuna mtoto anayekuja kuiazima kamusi. Alipuliza kipande cha jani kilichonasa kwenye pamba.

“Walikuja wawili mwaka juzi,” akasema, akaendelea kuchambua.