Hisani na Bomba la Maji

Ukisafiri, msomaji, kutoka Diani kwenda Msambweni, ukaiacha barabara kuu na kuingia vijijini, hutakosa kuliona bomba la maji la mkono. Ukikuta nyasi zimeota kandokando yake, na mpini wake hauna wa kuushika, jua kwamba hapo palitolewa hisani, nayo hisani ikafa. Je, imekufaje?

Wako wasemao upesi kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kwamba wanakijiji ni wavivu. Hukumu hiyo ni nyepesi, na historia ya Kwale yaipinga. Mnamo mwaka 1983 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, ilianza kuyajaribu mabomba ya mkono katika pwani hii. KWAHO, shirika la Wakenya wenyewe, likaingia vijijini kushauriana na watu. Kamati za maji zikaundwa, na wanawake, ambao ndio wachotao, wakafundishwa kulifungua bomba na kubadili mipira ya ndani iliyolika. Bomba liitwalo Afridev lilitokana na majaribio ya Malawi na haya ya Kwale. Nalo lilikusudiwa litengenezwe na mtu wa kijijini kwa spana na vyombo vichache. Mamia ya visima yakafungwa mabomba hayo. Basi watu walipoaminiwa, waliweza.

Lakini mradi una mwisho, na kiu haina mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipoyakagua mabomba ya Kwale mwaka 2013, walikuta mengi yangali yakitoa maji, na mengine mengi yamenyamaza. Bomba huharibika siku yoyote. Kamati isiyo na akiba huanza kuchangisha siku hiyo; na wakati fedha zikikusanywa na kipuri kikitafutwa mjini, akina mama wamekwisha kurudi kwenye kisima cha wazi.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni la mhisani ahesabuye mabomba aliyoyajenga, asihesabu siku ambazo maji yametoka. Sherehe ya ufunguzi hupigwa picha. Mpira uliolika haupigwi picha, wala hautengewi fedha.

Katika miaka ya karibuni mafundi wa FundiFix, huko huko Kwale, wamejaribu njia nyingine: kijiji hulipa ada ndogo kila mwezi, na bomba likiharibika fundi huja kwa haraka. Ada hiyo haitoshelezi gharama zote. Sehemu yake hulipwa na wahisani. Mimi sioni aibu katika jambo hilo, kwani hapo hisani imekaa mahali pake.

Nawe, msomaji, huenda kesho ukaketi katika kamati ya kijiji chako. Akija mgeni na zawadi, mshukuru. Kisha umwulize ni nani atakayeitengeneza, kwa fedha zipi, na kwa miaka mingapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.