Lori la Rimoti Hupimwa Likienda Polepole

Anayetaka kujua kama lori la plastiki lililofungwa rimoti limetengenezwa na fundi au limebandikwabandikwa tu, asianze kwa kulikimbiza. Aliweke chini, alipakie mzigo wa nusu kilo hivi, kisha alitake liondoke taratibu. Likichupa mbele kama lililoshtuliwa, au likilia bila kusogea, hukumu imeshapatikana, na rangi, taa na maandishi ya kioo cha mbele hayataiokoa kazi hiyo. Pale Makambako, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea, kila mtoto amewahi kuliona lori lililosheheni mbao au viazi likiondoka: linanguruma, linasita, halafu linaanza kujivuta. Mtoto wa Ilembula anayekata dumu la mafuta ya kula, akalitia ekseli ya waya na magurudumu ya ndala, anauiga mwendo huohuo kwa mdomo wake huku akilivuta kwa kamba. Rimoti inayomnyima mwendo huo imempunguzia mchezo, hata kama imemwondolea kamba.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini malori mengi hushindwa hapo. Chukua mota ya kawaida ya magari ya kuchezea, inayozunguka, tuseme, mara 6,000 kwa dakika ikiwa kazini, yaani mara 100 kwa sekunde. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 5 husogea karibu sentimita 16 kila linapomaliza mzunguko. Gia zikipunguza mwendo mara 10, lori litakwenda mita 1.6 kwa sekunde, sawa na mtu mzima anayewahi basi bila kukimbia. Unaweza kuiona ni kasi ndogo, lakini kwa lori lililofanywa dogo mara 20 kuliko la kweli, hiyo ni zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na hakuna Scania lenye mbao linalotafuta maegesho kwa kasi hiyo. Gia zikipunguza mara 48, kama zifanyavyo zile boksi za njano zinazouzwa kwa ajili ya roboti za wanafunzi, mwendo hushuka hadi sentimita 33 hivi kwa sekunde, na nguvu ya kusukuma hupanda. Sasa lori linafanana na lori. Wala usidhani rimoti yenyewe itapunguza mwendo. Rimoti nyingi za bei ya chini hutumia chipu za jamii ya RX-2, ambazo zinajua amri chache tu: mbele, nyuma, kushoto, kulia na kuongeza kasi. Hakuna amri ya "kidogo kidogo". Kitufe kikibonyezwa, umeme wote unakwenda kwenye mota. Basi mwendo wa taratibu lazima utoke kwenye gia. Fundi anayejaribu kuupata kwa kufunga betri dhaifu anapata lori linalokwama kwenye kokoto, na mota iliyokwama huvuta umeme mwingi kuliko inayozunguka, mpaka transista zinaungua.

Watu watasema watoto wanapenda mbio, na kwamba kipimo hiki ni cha wazee. Kupenda wanapenda kweli. Lakini mbio hazithibitishi ufundi, kwa sababu zinanunulika: ongeza betri moja na lori litakimbia zaidi, hata kama aliyelifunga hajui gia ni nini. Ubora tunaoutafuta ni ule usiopatikana kwa kuongeza betri. Nikola Tesla alipoonyesha mashua yake ya kuongozwa kwa redio jijini New York mwaka 1898, haikuwa na mbio zozote za kusifiwa. Watu walishangaa kwa sababu iligeuka, ilisimama na iliwasha taa ilipoamriwa. Isitoshe, ua wa nyumba ya kijijini una vumbi, mawe na mifereji ya mvua, na lori refu lenye kasi hupinduka kona ya kwanza.

Baada ya mwendo, tazama usukani, maana hapa ndipo uvivu unapojificha vizuri zaidi. Lori la plastiki la dukani huja na ekseli ya mbele iliyochomekwa moja kwa moja, hivyo magurudumu yake hayawezi kukata kona. Wapo wanaoacha ekseli hiyo ilivyo na kufunga mota mbili, kulia na kushoto, ili lori ligeuke kama kifaru cha jeshi. Linageuka, ndiyo, lakini kwa kuburuza magurudumu ya mbele. Wengine hufunga koili ya sumaku inayovuta magurudumu hadi mwisho wa upande mmoja au mwingine, bila kuweza kupinda kidogo. Kazi ya kweli ni kulikata lile tumbo la mbele, kulipatia kila gurudumu egemeo lake, kuyaunganisha kwa tairodi, na kuisukuma tairodi kwa mota ndogo ya usukani, ile wanayoiita sevo, yenye uzito wa gramu 9 tu. Ligeuze lori juu chini na magurudumu yakate kona kabisa. Gurudumu la ndani ya kona lipinde zaidi kuliko la nje, kwa kuwa linazunguka duara dogo. Fundi aliyezingatia hilo ameinamisha kidogo mikono ya egemeo inayoshika tairodi, ikielekea katikati ya ekseli ya nyuma. Ni milimita chache, na mtu asiyejua hataziona.

Ukiwa bado umelishika lori juu chini, tafuta pembetatu yenye namba. Ukikuta 5, hiyo ni polipropilini, plastiki laini yenye mguso wa nta, na supa gluu haishiki juu yake. Inakauka vizuri, inang'aa, kisha unaibandua kwa ukucha. Sehemu zinazobeba nguvu zifungwe kwa skrubu au waya, au plastiki iyeyushwe ikumbatiane. Lori lililojaa gundi limejengwa kwa ajili ya siku ya kuuzwa.

Swali gumu zaidi ni la gharama: kwa nini usichukue gari zima la rimoti la Kichina, ukalivua bodi na kulivalisha lori? Sioni aibu yoyote katika njia hiyo, mradi nafasi kati ya ekseli ibadilishwe ilingane na bodi na gia zipunguzwe. Bila hayo umepata gari dogo lililovaa koti la lori. Wala vipimo hivi si vya wenye pesa. Printa iliyokufa ina gia za plastiki nzuri, na mkono wa egemeo hukatwa kwenye kipande cha ndoo. Kinachogharimu ni subira ya kutoboa tundu mahali pake.

Mwisho, mwombe fundi alifungue. Asipoweza bila kuvunja, hakufikiria siku ya kulitengeneza. Ndani, tafuta kapasita ndogo yenye maandishi 104 kwenye miguu ya mota. Inatuliza cheche zinazovuruga mawasiliano, ndiyo maana masafa ya rimoti yapimwe lori likitembea, si likiwa limesimama. Waya wa antena usiwe umekatwa ili utoshe. Betri ilale chini, kati ya ekseli. Kama ni ya lithiamu iliyotoka kwenye kompyuta mpakato, kagua hapo kuliko popote: seli moja hujaa kwa volti 4.2, na kuiunga moja kwa moja kwenye volti 5 za chaja ya simu ni kualika moto. Saketi ya kuchajia ya aina ya TP4056 yenye kinga huzuia hilo kwa seli moja, na bei yake ni ndogo. Lori la betri ya lithiamu lisilo na kinga hiyo usimpe mtoto, hata kama limefaulu mengine yote.