"Nguvu" Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Giaboksi ya Mtambo wa Upepo

Tumeletewa tafsiri ya mwongozo wa kuchagua giaboksi ya mtambo wa kufua umeme kwa upepo ili tuihakiki. Lugha yake ni nyofu, wala sentensi zake hazimchoshi msomaji. Hata hivyo, istilahi mbili zilizomo zaweza kumpotosha afisa atakayeutumia mwongozo huo kuagizia mitambo.

Ya kwanza ni "kisanduku cha kubadilishia mwendo". Jina hili limetokana na gari, ambalo dereva wake hubadili gia apandapo mlima. Giaboksi ya mtambo wa upepo haibadilishwi gia. Uwiano wake ni mmoja tu, na kazi yake ni kuuongeza mzunguko wa polepole wa rota hadi ufikie kasi inayohitajiwa na jenereta. Mafundi wetu wamekwisha kulizoea neno "giaboksi", nasi hatuoni sababu ya kuwanyang'anya. Panapohitajika ufafanuzi, na iandikwe "giaboksi ya kuongeza kasi", isije ikadhaniwa kuwa ile ya kupunguza kasi itumikayo katika winchi.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mfasiri ametumia neno "nguvu" kwa vitu viwili: kile kipimwacho kwa kilowati, na ile kani inayozungusha shafti, ipimwayo kwa nyutonimita. Tuchukue mtambo wa kilowati 850, kama ulivyo kila mmoja wa ile mitambo 365 iliyojengwa karibu na Ziwa Turkana, Kenya. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba rota huzunguka mara 25 kwa dakika na jenereta mara 1,500. Basi uwiano ni 60. Tukiacha upotevu utokanao na msuguano, kilowati ziingiazo ndizo zitokazo. Lakini kani ya kuzungusha ni takriban nyutonimita 325,000 upande wa rota, na 5,400 tu upande wa jenereta. Meno ya gia za upande wa rota lazima yaihimili kani hiyo kubwa, pamoja na nyongeza yake upepo uvumapo kwa ghafula.

Kwa hiyo mitambo miwili yenye kilowati sawa yaweza kuhitaji giaboksi tofauti kabisa, ikiwa rota ya mmoja ni ya polepole zaidi. Afisa asomaye kwamba giaboksi "iwe na nguvu ya kutosha" atatazama kilowati, aridhike, na kuagiza chombo kitakachovunjika kingali juu ya mnara.

Yawezekana mfasiri akajitetea kwamba "nguvu" ni neno la wote. Ni kweli, na ndiyo sababu halifai kubebeshwa maana mbili katika ukurasa mmoja. Tunapendekeza "nguvu" ibaki kwa kilowati, na "kani zungushi" itumike kwa nyutonimita. Walimu na wafasiri wenye pendekezo lililo bora zaidi wanaombwa watuletee.