Kabla Gari Halijafika

Mwanafunzi akivunjika mguu uwanjani Boko, Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iko zaidi ya kilomita 20, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo jioni haina huruma. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote wakufunzi wa huduma ya kwanza wa Msalaba Mwekundu. Na si mifupa tu: moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 10. Juni 2021 mwanasoka wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani Copenhagen, akaokolewa na watu waliojua la kufanya papo hapo. Wala hatari hii si ya Ulaya peke yake: Desemba 2016 tulimpoteza kijana Ismail Khalfan wa Mbao FC, aliyeanguka mchezoni Bukoba.

Wapo wasemao asiye daktari ataongeza madhara. Hofu hiyo ina msingi, lakini ndiyo hasa inayodai mafunzo. Aliyefundishwa hachui mguu uliovunjika wala hambebi mzobemzobe aliyeumia shingo. Hufunga banzi, hata la kadibodi iliyokunjwa, akiacha vidole wazi ili aone kama damu inafika. Wengine hulalamikia gharama. Kweli, mashine ya kushtua moyo ni ghali, ila kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika kunahitaji mikono miwili tu. Bajeti ya jezi ya shule ingeanza na mafunzo ya mwalimu wa michezo na wanafunzi wachache wa kila timu.